Tupeane uzoefu: Love Actually iliwachekesha au iliwagombanisha?

Wakuu, kila Krismasi ikikaribia ubishi pale nyumbani ni uleule. Mama watoto anaiweka Love Actually, mimi nanuna. Ni muvi ya Uingereza ya 2003, ya kwanza kuongozwa na Richard Curtis, aliyekuwa amezoeleka kama mwandishi. Wapenzi wamebanana humo kama abiria wa daladala. Wahakiki nao waligawanyika tangu mwanzo: wengine walicheka, wengine wakasema sukari imezidi. Bill Nighy namkubali, yule mwanamuziki mzee anayeuponda wimbo wake mwenyewe. Tuzo yake ya filamu ya BAFTA ilikuwa halali. Lakini Mark kumtongoza mke wa rafiki yake mlangoni kwa mabango, mume yuko ndani anaangalia TV? Eti mahaba! Leteni ya kwenu.

#2
Mimi nilimwiga huyo Mark, msicheke. Nikaandika manila kwa makapeni, nikaenda kwao jioni. Akafungua baba mtu. Akavaa miwani, akasoma la kwanza, akasema, "Geuza." Alisoma yote, ndipo akaniambia binti yuko Morogoro kwa shangazi yake.

#3
Mimi huizima pale kwa Emma Thompson. Ameshauona mkufu mfukoni mwa koti la mumewe, anafungua zawadi, anakuta CD ya Joni Mitchell. Anaingia chumbani, analia, ananyoosha kitanda, anafuta machozi, anatoka kwa watoto akitabasamu. Kwangu ilikuwa risiti ya pafyumu, kwenye suruali niliyokuwa nafua. Siku yangu ya kuzaliwa ilipofika nikapewa seti ya sufuria. Nzuri kweli, bado napikia.

#4
Kinachonikera ni mabosi. Waziri Mkuu na mhudumu wa ofisini kwake, mwandishi na dada wa usafi wasioelewana hata lugha. Nimefanya kazi za ndani Muscat. Bosi akianza kukutazama hivyo unatafuta ufunguo wa chumba chako, hutafuti pete. Halafu huyo mhudumu, Natalie, wanamwita mnene, mnene wapi? Angalau Curtis mwenyewe mwaka 2023 alikiri kwamba ule utani wa unene haukufaa.

#5
Wewe wa #2, binti alirudi?

#2
Alirudi. Mzee alikuwa ameyatunza mabango, akayasoma mezani kwa sauti, ukoo mzima upo. Mpaka leo mashemeji wananiita Manila.