Mpaka wa mji bila ghorofa ndani yake unamsaidia nani?

Mtoa mada: Wadau, serikali ikitaka mji usitawanyike ovyo, kitu cha kwanza inachokimbilia ni kuchora mpaka ambao nje yake hakuna ruhusa ya kujenga. Mimi mpaka siupingi. Napinga kuchora mpaka halafu ndani yake ukataze ghorofa. London ina ukanda wake wa kijani, yaani ardhi inayouzunguka mji isiyoruhusiwa kujengwa ovyo, na mashamba yamebaki kweli, ila asubuhi treni zinaukatisha zimejaa watu wanaokaa ng'ambo yake. Seoul nayo iliweka ukanda 1971, baadaye miji mipya kama Bundang ikajengwa nje ya ukanda huohuo. Mji haukukoma kukua, uliruka tu, na safari ya kazini ikarefuka.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umechagua mifano inayokubeba. Oregon, jimbo la Marekani, wana mipaka ya miji chini ya mfumo ulioanza 1973, na wanadai ndani yake pawe na ardhi ya kutosha makazi ya miaka 20 mbele. Ikipungua, mpaka unasogezwa au wanaruhusu nyumba zaidi ndani. Huo si ukuta.

Mtoa mada: Hapo hasa ndipo ninaposimama. Mbona Oregon hiyohiyo ilibidi 2019 itunge sheria ya kuziruhusu nyumba za familia mbili hadi nne kwenye mitaa ya miji mikubwa iliyokuwa ya nyumba moja moja? Ardhi walikuwa nayo, kibali ndicho kilikosekana. Auckland, kule New Zealand, walilegeza kanuni za ujenzi 2016 kwenye sehemu kubwa ya maeneo ya makazi, na vibali vya nyumba za kuungana vikaongezeka sana. Hakuna aliyebomolewa, mwenye kiwanja aliruhusiwa tu kujenga zaidi.

Mchangiaji wa pili: Samahani, nyote mnamruka mwenye kiwanja kitupu katikati ya mji. Bomba limepita mbele yake, barabara ipo, yeye anafuga majani akisubiri bei. Mpe kibali cha ghorofa ishirini, hatajenga. Umemwongezea thamani bure. Huyo dawa yake ni kodi ya ardhi isiyogusa jengo, kama Estonia inavyotoza tangu 1993. Mwenye majani na mwenye ghorofa, viwanja vikilingana, wanalipa sawa.

Mchangiaji wa kwanza: Na bibi mjane kwenye nyumba yake ya miaka arobaini, ardhi imepanda bei na kipato hana? Utamhamisha?

Mchangiaji wa pili: Deni lake lisubiri hadi nyumba iuzwe au irithiwe. Linawezekana kabisa.

Mtoa mada: Kodi nimeikubali, naongeza kwenye hoja yangu. Lakini inataka viwanja vyote viwe vimepimwa, vina wamiliki wanaojulikana, na thamani inahuishwa mara kwa mara. Miji inayotanuka kwa kasi zaidi duniani ndiyo yenye vipande vingi visivyo na hati. Huko utaanza kumtoza nani? Kibali cha kujenga juu unaweza kukitoa hata kesho.

Mchangiaji wa pili: Kibali atapewa nani, kama hati hana?