Je, “tetelestai” katika Yohana 19:30 maana yake ni “imelipwa”?

Swali

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Katika mahubiri ya Ijumaa Kuu husemwa mara nyingi kwamba kitenzi tetelestai, ambacho Biblia yetu inakifasiri “Imekwisha”, ndicho kilichoandikwa zamani juu ya hati za madeni yaliyolipwa, na kwamba Yesu alitangaza msalabani kuwa deni limelipwa lote. Je, Kiyunani chenyewe kinaruhusu maana hiyo?

Jibu la kwanza

Kitenzi chenyewe ni teleo, yaani kumaliza, kutimiza, kufikisha jambo kwenye ukomo wake. Ni kweli kwamba hutumika pia kwa maana ya kulipa, kama katika Mathayo 17:24 na Warumi 13:6, lakini pote pawili kinacholipwa, nusu-shekeli au kodi, kimetajwa waziwazi, wakati Yohana hataji deni lolote. Ama kuhusu hati, stakabadhi za ushuru zilizoandikwa kwenye mafunjo ya Misri huanza kwa kifupisho “tetel”, ambacho baadhi ya wataalamu walikisoma tetelestai. Siku hizi husomwa tetelonetai, kitenzi kingine, kinachoeleza kwamba mzigo umekwisha kulipiwa ushuru langoni. Kwangu mimi, ushahidi huo hautoshi.

Jibu la pili

Naungana nawe, ndugu, ila tusiishie kwenye kukanusha, maana Yohana mwenyewe ametupa ufunguo. Aya mbili tu kabla ya hapo, katika 19:28, ametumia umbo lile lile, na hapo kiima kipo: Yesu alijua ya kuwa “yote” yamekwisha kumalizika. Hayo yote ni ile kazi aliyopewa na Baba, inayotajwa katika 4:34 na 17:4 kwa teleioo, kitenzi cha shina hilo hilo. Tena njeo ya Kiyunani hapa inaonyesha tendo lililokamilika ambalo matokeo yake yangali yapo, kama vile -me- yetu tusemapo mlango umefungwa: ulifungwa, na hadi sasa haujafunguliwa.

Muulizaji

Nashukuru sana. Je, mhubiri asitaje deni kabisa siku hiyo?

Jibu la pili

Alitaje, tena kwa ujasiri, lakini alisome katika Wakolosai 2:14, ambapo Paulo anataja cheirographon, hati ya deni iliyoandikwa kwa mkono, akisema kwamba Mungu aliifuta na kuigongomea msalabani.