Mrejesho: paswedi za ofisi
Wakuu, narudi na lile swali la jinsi ya kuacha kutumiana paswedi za ofisi kwenye grupu la WhatsApp. Tumehamia Bitwarden, programu ya kutunza paswedi, kila mtu ana akaunti yake na anaona zile tu za kitengo chake, paswedi kuu ni sentensi ndefu na juu yake kuna namba ya uthibitisho ya kwenye simu. Nilichokipenda zaidi, programu haijazi paswedi yenyewe kwenye tovuti feki, maana inaangalia anwani ya tovuti sio muonekano wa ukurasa, na hapo ndo wengi wanapigwa. Ila mtu akiacha kazi kumtoa tu haitoshi jamani, zote alizokuwa anaziona badilisheni siku hiyohiyo. Aliyesema tuanze na paswedi ya imeili, asante sana, kweli ndo inayofungua akaunti zingine zote, maana paswedi zake hubadilishwa kupitia imeili.