Naomba ushauri: chenji anajua, kutoa kwa daftari kunamshinda

Hamjambo wazazi na walimu. Binti yangu yuko Gredi ya 3, tunaishi Umoja. Kutoa kwa kawaida hakumsumbui, shida ni kule kwa kukopa. Mpe 42 toa 17, ataandika 35. Nimemchungulia akifanya: kwenye mamoja anaona 2 ni ndogo kuliko 7, basi anageuza, 7 toa 2 ni 5, kisha 4 toa 1 ni 3. Wala hana wasiwasi!

Lakini nikimtuma maziwa na noti ya mia, chenji anaijua kabla mwenye duka hajafungua droo. Anahesabu kupanda, kutoka bei hadi mia.

Nimefunga njiti za kiberiti kumi kumi kwa raba. Akifungua fungu moja anapata 25 bila taabu. Tukirudi kwa daftari, 35 tena.

Niendelee na njiti mpaka lini? Ama nimwache ahesabu kupanda kama dukani, ingawa mwalimu anataka kukopa kuonekane? Walimu wa gredi za chini, nisaidieni. Na tafadhali msiniambie tuisheni, hiyo pesa haipo.