Tupeane uzoefu: mkopo wa nyumba wa USDA (Wizara ya Kilimo ya Marekani) huku vijijini Marekani

Baba Furaha, Kentucky
Habari zenu ndugu. Kila Jumapili tukitoka kanisani swali ni lilelile: ulinunuaje nyumba bila kianzio, ile hela ya kutanguliza? Nimechoka kurudia, naweka hapa. Na nyie mliopita njia hii mwageni yenu.

Miaka sita tulipanga nyumba mjini Bowling Green. Mzungu mmoja kazini ndiye aliyenitajia mkopo wa Wizara ya Kilimo, nikacheka. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, jembe nalijua. Kilimo na nyumba wapi na wapi? Kumbe kwenye mkopo huu hela ni ya benki. Wizara inasimama mdhamini tu, ukishindwa kulipa benki isiumie sana. Sharti nyumba iwe kwenye eneo wanaloliita la vijijini, na uishi humo mwenyewe. Bowling Green mjini haimo, watu wengi mno. Ukivuka kaunti ya Butler, nusu saa kwa gari, umo. Ramani iko kwenye tovuti yao: unaandika anwani, inakujibu. Iangalieni kabla ya kwenda kuona nyumba. Sisi tulipenda moja, ikawa nje ya mstari kidogo tu, mke wangu akanuna wiki nzima.

Kianzio sifuri ni kweli. Bure si kweli. Kuna ada ya dhamana asilimia 1, ambayo unaweza kuiingiza kwenye mkopo, halafu asilimia 0.35 kila mwaka. Ukikopa dola 200,000 ni 2,000 mwanzoni na kama 58 kwa mwezi. Gharama za siku ya kusaini nazo zinakungoja. Sisi muuzaji alikubali kubeba sehemu.

Mama K, Iowa
Sisi tuliangushwa na shemeji. Wanahesabu kipato cha kila mtu mzima anayeishi humo, hata kama jina lake haliko kwenye mkopo, na mwisho ni asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo lenu. Mimi na mzee tulikuwa ndani. Mshahara wa shemeji wa kiwanda cha nyama ukatutoa. Sasa umfukuze ndugu ya mumeo kwa sababu ya nyumba? Tukasubiri. Alipooa akahama, tukaomba upya tukapata. Msije mkamficha mtu, karatasi za kodi zinasema zenyewe.

Dereva wa Usiku
Mimi ilikuwa Desemba 2018. Benki imeshanipitisha, imebaki barua ya wizara, na bila hiyo husaini. Serikali kuu ikafungwa siku 35 kwa mvutano wa bajeti, barua ikakwama. Kosa langu: nilishampa mwenye nyumba notisi ya kuhama. Tukalala kwa kaka, watu tisa vyumba viwili, mpaka Februari. Usitoe notisi kwa neno la simu. Barua kwanza.

Mama Neema
Mnausahau ule mkopo mwingine, ambao wizara inakukopesha yenyewe bila benki. Ni kwa sisi wa kipato cha chini. Nafanya kazi ya kulea wazee, niko peke yangu na watoto watatu. Unalipa miaka 33, na kwa kipato chako riba inaweza kushushwa mpaka asilimia 1. Ila ule msaada si zawadi: ukiuza au ukihama, wanaweza kudai sehemu yake. Imeandikwa wazi, mimi ndiye niliyesaini bila kusoma.

Abu S, Minnesota
Na sisi tunaokwepa riba?

Baba Furaha
Huu una riba, sheikh, sikufichi. Waulize wenzako msikitini, kuna wanaonunua kwa mkataba wa kushirikiana umiliki, lakini huko kianzio kinatakiwa.

Abu S
Shukran kwa ukweli. Na ukaguzi?

Baba Furaha
Hapo ndipo kijijini kunatofautiana na mjini. Nyumba nyingi zina kisima na karo lake la maji machafu. Maji yalipimwa, ya kwanza yakakutwa na vijidudu, muuzaji akasafisha, yakapimwa tena. Wiki mbili zikapotea. Karo lipimeni hata kama hamkulazimishwa, kubadilisha lote ni maelfu ya dola.

Mama K
Kuku je, wanaruhusu?

Baba Furaha
Wa kula nyumbani hamna neno. Wasilolitaka ni shamba la biashara, Wizara ya Kilimo hiyohiyo! Mimi ninao kumi na wawili, na mistari minne ya mahindi kando ya uzio.