Ushauri: Mzee wangu hajakanyaga uwanjani tangu 1993, anataka nimpeleke Amaan, Zanzibar, fainali ya Simba Jumapili. Na tumeshapigwa 2-0

Fundi Suruali

Wakuu habari za usiku. Hili jambo nimekaa nalo tangu Jumamosi, naona nililete hapa maana nyumbani tumeshagawanyika.

Mzee wangu ana miaka 68, mstaafu wa kiwandani, yuko Mlandizi. Simba damu. Mwaka 1993 alikuwepo Uwanja wa Taifa, huu wa Uhuru wa sasa, siku ya fainali ya Kombe la CAF na Stella Abidjan. Kule Abidjan tulitoka 0-0, kwa hiyo watu walishahesabu kombe liko kabatini, mpaka Rais Mwinyi alikuja uwanjani. Boli Zozo akatutia mbili, wakaondoka nalo. Mzee anasema alitembea kwa miguu hadi Manzese, viatu kashika mkononi, asizungumze na mtu. Tangu siku hiyo hajaingia uwanja wowote. Mechi anasikiliza redioni, ikiwa ngumu anazima na kwenda kumwagilia mchicha. Kipande cha tiketi ya siku ile anacho hadi leo, kwenye kopo la Africafe, pamoja na vitambulisho vyake vya kazi.

Sasa mwaka huu wa 2025, ile nusu fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho Afrika na Stellenbosch kule Durban, nilikuwa kwake. Dakika zote 90 alizunguka uani na redio begani. Filimbi ya mwisho ilipolia, 0-0, tumepita kwa lile bao moja la Ahoua la Zanzibar, akakaa kwenye ndoo akasema, "Fainali nitakwenda mwenyewe." Tukacheka. Nikajua ni furaha tu, itaisha.

Jumamosi, mechi ya kwanza ya fainali, tukapigwa 2-0 kule Morocco na Berkane. Robo saa ya kwanza haijaisha, mawili yako ndani. Nikapiga simu kumpa pole, kabla sijamaliza salamu akaniuliza, "Boti inaondoka saa ngapi?"

Matatizo yangu ni haya. Ana presha, anakunywa dawa kila siku. Dada yangu mkubwa kasema nikimpeleka na likitokea la kutokea nisikanyage kwake. Halafu hela: nina laki tatu na ishirini, lakini niliziweka kwa ajili ya mabati ya jiko la huyo huyo mzee, linavuja na masika hii ndiyo msiseme. Nikamwambia baba, hizi ni hela za bati lako. Akajibu mvua inaisha mwezi wa sita.

Na tatu, tuseme ukweli, tunaipindua hii? Mimi kwa kikosi chetu naona Mpanzu akiamka vizuri hakuna beki wa pembeni wa kumshika, na Ahoua mpira uliokufa karibu na boksi ni nusu bao. Wasiwasi wangu ni kule mbele kati. Mukwala anakimbia sana lakini nafasi tatu anapata moja, Ateba naye siku zake anazijua mwenyewe. Nisije nikamtoa mzee Mlandizi, nikamvusha bahari, akashuhudie fainali ya pili anapoteza kwa macho yake.

Nimpeleke au tukae kibandaumiza Mlandizi tuangalie kwenye luninga?

Mwananchi Halisi

Nyie makolo wa Simba mna mambo. Hizo laki tatu nunua mabati mkuu. Berkane ndiyo kwanza wamebeba ubingwa wa Morocco, nyie mna kiporo cha dabi na sisi Yanga mnakikimbia tangu Machi 8 halafu mnataka kombe la Afrika. Mpeleke mzee kliniki.

Lunyasi wa Kibaha

Nani kakimbia? Uzi wa mzee wa watu unaleta utopolo wako. Pita kule.

Fundi, nakujibu la mpira kwanza. Watu wanasema "tuliwapindua Al Masry", na ni kweli, robo fainali tulitoka Misri tumefungwa 2-0 hizi hizi, kwetu Mpanzu na Mukwala wakamaliza kazi kabla ya mapumziko, kipa Camara akatubeba kwenye penalti. Lakini ile ilikuwa kwa Mkapa, Dar, uwanja wa watu elfu 60. Amaan ni kama elfu 15. Kelele ni kelele, ila siyo ile.

La pili, goli la ugenini bado linahesabiwa CAF. Berkane wenyewe lilishawaumiza, mwaka 2024 fainali na Zamalek walishinda 2-1 kwao wakafungwa 1-0 Cairo, kombe likaenda. Kwa hiyo kocha wao Chaabani anajua hesabu hizo kuliko sisi. Yule ndiye aliyeipa Espérance Klabu Bingwa mara mbili mfululizo, 2018 na 2019, usidhani atakuja kufungua mlango. Atataka kimoja tu. Wakipata kimoja, sisi tunatakiwa manne.

Kwa hiyo shida yangu mimi siyo straika. Shida ni dakika 15 za mwanzo, na pale kati kwa Kagoma na Ngoma. Tukienda wote mbele kwa papara, ule mpira mrefu mmoja nyuma ya mabeki wetu Kapombe na Tshabalala umetumaliza. Kocha Fadlu acheze kwa subira, bao la kwanza lije kabla ya mapumziko, la pili hata dakika ya 80 sawa. Kibu aanze, mnaomcheka hamkumbuki CS Sfaxien aliwafunga mawili peke yake.

Tunaipindua? Asilimia siwezi kukupa. Mwaka 2022 hawa hawa walitupiga 2-0 kwao kwenye makundi, wakaja Dar tukawafunga 1-0 la Sakho. Moja tunaliweza. Hilo la pili ndilo la kuombea.

Nesi wa Zamu

Mimi mpira sijui, nimeingia kwa sababu ya neno presha.

Kaka, swali siyo "ana presha", swali ni presha yake imetulia au haijatulia. Mpeleke zahanati ya karibu kesho, wampime, waambie anasafiri kwa boti na anakwenda kukaa kwenye watu wengi. Ikiwa juu, safari imekufa, usibishane naye. Ikiwa imetulia na anakunywa dawa bila kuruka, watu wa namna hiyo wanasafiri kila siku.

Dawa zibebwe na wewe, siyo kwenye begi linalowekwa na mizigo mingine. Anywe saa ile ile anayokunywa siku zote, asiseme "leo nitakunywa nikirudi". Maji ya kunywa, kofia, na ale chakula cha kawaida, chipsi za chumvi aache. Mkae karibu na njia ya kutokea. Akisema kifua kinabana au anaona giza, mnatoka hapo hapo hata kama ni penalti. Hilo mkubaliane kabla hamjapanda boti.

Na huyo dada yako usimfiche. Mpigie akiwa zahanati, asikie kipimo mwenyewe.

Mtu wa Kikwajuni

Assalaam aleikum. Nyinyi watu wa bara mnaihesabu Unguja kama Ulaya. Ukishuka hapo bandarini Malindi, Amaan ni safari ya daladala tu, hata jasho hamtoki.

Lakini sikiliza. Mechi ni jioni, na boti za kurudi Dar hazikusubirini mtoke uwanjani. Kwa hivyo kulala kupo, ihesabu kwenye hizo fedha. Usende kutafuta chumba Mji Mkongwe, kule bei za wazungu. Tafuta huku ng'ambo, Michenzani au maeneo ya Amaan yenyewe, na piga simu leo, usingoje Jumamosi. Wenzako elfu kadhaa wana fikra hiyo hiyo.

Njooni Jumamosi kwa boti ya asubuhi. Mwezi huu upepo wa kusi umeshaanza, mchana bahari inachafuka, na mzee akitapika njia nzima atafika hana hamu ya mpira wala ya kombe. Akae chini, katikati ya boti, asikae mbele. Abebe kitambulisho. Tiketi ya uwanjani muwe nayo mkononi kabla hamjavuka, msije mkaitafuta mlangoni, mtalanguliwa.

Usiku mpeleke Forodhani apate urojo. Mimi ni Simba vilevile, lakini hata mkifungwa, mzee atakuwa kaiona Unguja.

Mama Wawili

Nyie wanaume mna akili za ajabu, mzee jiko linavuja mnajadili Mukwala na Ateba.

Lakini nitakwambia kitu. Baba yangu alikuwa Yanga, na kila mwaka alikuwa ananiomba nimpeleke Kigoma kwao akaone ziwa. Kila mwaka nilikuwa na bati la kununua. Sisemi zaidi. Bati litapatikana, hata bandiko la lami linazuia kwa mwezi mmoja.

Mwananchi Halisi

Mkuu nimerudi. Utani pembeni, mimi Berkane nitawashangilia Jumapili na sifichi, ila mzee mpeleke. Mzee aliyebeba kipande cha tiketi miaka 32 huwezi kumkalisha kibandaumiza kwenye benchi la mbao na moshi wa mishikaki. Asivae tu hiyo jezi yenu nyekundu, itampandisha presha.

Fundi Suruali

Asanteni sana wakuu. Nesi, nimefanya ulivyosema. Tumekwenda zahanati, kipimo kimetoka kizuri, dada nimemweka kwenye simu, daktari akaongea naye mwenyewe. Hajafurahi lakini hajakataa. Kasema nimtumie ujumbe kila baada ya saa mbili, kama askari wa doria.

Lunyasi, nimemsomea mzee ulichoandika. Kasema hilo la subira amelisikia mwaka 1993 pia.

Tiketi mbili za uwanjani nimepata. Chumba nimepata kwa mtu niliyeelekezwa, kitanda kimoja, nitalala chini kwenye mkeka. Jumamosi asubuhi tunashuka na mwendokasi hadi Posta, tunavuka.

Fundi Suruali

MREJESHO

Nimechelewa kuleta, nisameheni. Matokeo mnayajua wote, sina haja ya kuyaficha: 1-1, jumla 3-1, kombe limekwenda Morocco.

Boti ya asubuhi bahari ilikuwa nzuri kwa nusu safari, nusu nyingine Mtu wa Kikwajuni alikuwa anasema kweli. Nilitapika mimi. Mzee alikuwa ananishikia mfuko na kunisimulia habari za Kibadeni na zile sita tulizowafunga Yanga 1977.

Uwanjani tuliingia mapema sana, mzee aliogopa tutakuta mlango umefungwa. Alivaa shati lake jeupe la kanisani na skafu nyekundu niliyomshonea usiku wa Ijumaa kwa kitambaa kilichobaki. Alipoona nyasi alisimama kwenye ngazi, watu wanamsukuma nyuma, yeye kasimama tu. Akasema, "Kumbe taa siku hizi ni kubwa hivi."

Mutale alipofunga dakika ya 17, naapa nilimtafuta baba nisimwone. Alikuwa safu mbili chini, kakumbatiwa na vijana asiowajua, skafu iko kwenye kichwa cha mtu mwingine. Hapo niliamini. Lunyasi na wewe najua uliamini, usiseme uongo.

Kadi ya Kagoma mapema kipindi cha pili ndiyo iliyotuua. Tumebaki kumi, tunatafuta bao kwa mtu anayejua kujilinda kama Berkane. Na bado Mukwala akaweka mpira wavuni! Uwanja umelipuka, mimi nimeshapiga magoti, halafu mwamuzi anakwenda kwenye VAR. Kuotea. Mzee hakukaa wakati wote ule wa kusubiri, alishika mkono wangu hapa juu ya kiwiko, alama ilikuwepo hadi Jumatatu. Sidibe wao aliposawazisha dakika za nyongeza watu walianza kutoka. Nikamuuliza, baba twende? Akasema, "Mwaka ule niliondoka kabla hawajapewa kombe. Leo nakaa." Tukakaa. Akawapigia makofi Berkane, mawili matatu, kisha akawapigia wetu kwa muda mrefu.

Presha: dada alipokea jumbe zangu zote. Za kipindi cha pili niliandika "yuko vizuri" bila kumwangalia.

Kurudi Jumatatu tumebishana boti nzima. Yeye anasema Kagoma hakustahili kadi ya pili, mimi nasema kiungo mwenye njano anaingiaje vile. Na anataka mbele kati paletwe mtu mpya, Mukwala abaki, Ateba hamwelewi. Tulipofika Mlandizi kalitoa kopo, kaweka tiketi ya Amaan, kisha akaniuliza dabi ya kiporo inachezwa lini na kama nauli ya kwa Mkapa ni kubwa kuliko ya Zanzibar.

Mwananchi Halisi, salamu zako nimemfikishia. Amesema uje na jezi yako ya kijani, atakukaribisha chai.

Hela imebaki elfu arobaini na mbili. Kama kuna mtu anamjua fundi wa mabati Mlandizi anayekubali kulipwa kidogo kidogo, aje inboksi. Jana imenyesha tena.