Naombeni ushauri: kugawa akaunti za imeili kwenye seva mbili, domeni ibaki moja

Kisimani
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Tuna seva moja ya imeili hapa ofisini Dar, ni Debian yenye Postfix (inapokea na kutuma barua) na Dovecot 2.3 (inazitunza na kuwafungulia watu), yuza wako kwenye MySQL, akaunti kama mia saba hivi ukijumlisha na wa matawi ya Mwanza na Mbeya. Sasa diski inakaribia kujaa na asubuhi watu wakifungua Outlook wote kwa mpigo mashine inakuwa nzito mpaka simu ya mezani kwangu haipoi. Bosi amekubali kununua seva ya pili, anataka nusu ya watu wahamie huko ila domeni ibaki hiyo hiyo na mtu yeyote asiguse settingi kwenye simu wala kompyuta yake, hilo alilirudia mara mbili.

Mimi nilichowaza ni kuongeza MX (rekodi inayosema barua za domeni ziende seva gani) ya pili kwenye DNS ili barua zingine ziende seva mpya, afu majina ya A mpaka L yabaki ya zamani na M mpaka Z yaende mpya. Mwenzangu yeye anasema tuweke stoo moja ya NFS (diski ya kushea kwa mtandao) seva zote mbili zisome humo humo, kazi imeisha. Kama kuna shimo mbele niambieni mapema.

mtu_wa_pwani
Hamieni Google Workspace mlale usingizi, kufuga seva ya imeili miaka hii ni kujitesa tu

Kisimani
Mkuu ile ni dola kwa kichwa kila mwezi, zidisha kwa watu mia saba. Nilimpelekea hesabu akairudisha bila kufika ukurasa wa pili.

Fundi_Waya
Afu kuna na hili, Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja mnakumbuka intaneti ilivyokuwa hapa Tanzania. Ofisi ambayo seva yake iko jengoni haimuombi mtu wa nje ruhusa ili karani amtumie mhasibu barua ghorofa ya juu. Sisemi Google mbaya, nasema huyu ana sababu zake.

Tukirudi kwenye swali. Kisimani wazo la MX lifute kabisa. Seva inayotuma barua inaangalia domeni tu, haijui na haijali kama ni ya Asha au ya Zuberi. Ukiweka MX mbili, yenye namba ndogo ndo inajaribiwa kwanza, zikilingana anachagua yoyote kwa bahati nasibu. Kwaiyo barua ya Zuberi itaangukia seva ya Asha, pale wataambiwa yuza hayupo na barua itarudi kwa mwenyewe. MX ni ya domeni, haigawi watu.

BintiPangani
Na hiyo ya alfabeti pia achana nayo. Fungua orodha yako uone kuanzia M kuna wangapi, Massawe, Mushi, Mohamed, Mwakalinga, Mwinyi, wote hao upande mmoja. Gawa kwa uzito wa akaunti. Endesha doveadm quota au hata du kwenye mafolda uone nani anakula diski kiasi gani, panga kuanzia kubwa kwenda ndogo, utakuta wachache wa manunuzi na masoko ndo wamebeba diski, wale watenganishe kwanza nusu huku nusu kule, wadogo wajaze nafasi iliyobaki.

Ila kitu kimoja, kama kuna watu wanashea folda, mfano sekretari anasoma folda ya mkurugenzi, hao wasitenganishwe. Folda za kushea za Dovecot zinasomwa kutoka kwenye diski ya seva ile ile, ukimpeleka mmoja kwingine zinapotea kwenye Outlook yake na utaitwa.

Kisimani
Aisee hao wa folda za kushea sikuwa nimewaza. NFS je?

Fundi_Waya
NFS inafanya kazi lakini sio kwa urahisi anaousema mwenzako. Dovecot ina faili zake za indeksi (orodha ya barua za kila mtu), seva mbili zikimfungulia mtu mmoja kwa wakati mmoja, simu iko seva hii laptopu iko ile, indeksi zinaharibika. Waliotumia NFS walikuwa wanaweka Dovecot Director mbele ili mtu mmoja aende seva moja tu, na Director imeondolewa kwenye Dovecot 2.4 ya bure. Yani unajenga kitu ambacho ukija kuapgredi kimekufa. Na stoo yenyewe ikizima wamezima wote mia saba.

mlangoni255
Nimechelewa ila ngoja nieleze njia tunayotumia sisi, ni ile ya zamani na haina uchawi.

Unaweka mashine ndogo mbele, tuiite proksi, inakaa kama mlinzi wa getini, anayekuja anaulizwa jina anaelekezwa jengo lake. Nyuma yake ndo kuna seva A na seva B zenye barua. Kwenye jedwali lako la yuza MySQL ongeza kolamu moja, host, ndani yake IP ya seva ambayo mtu huyo anakaa. Dovecot ya proksi ikifanya password_query inarudisha paswedi, host, na 'Y' AS proxy, basi, yenyewe inamuunganisha mtu na seva yake na yeye kwenye simu anaona jina lile lile la siku zote.

Barua zinazoingia nazo zinapita kolamu hiyo hiyo. Postfix ya mbele unaipa transport_maps (jedwali la kuelekeza barua) inayosoma MySQL, jibu linakuwa kama lmtp:inet:10.0.0.12:24 (LMTP ni njia ya kuikabidhi Dovecot barua), kila barua inakwenda kwa mwenye nayo. Jedwali ni moja, ukibadilisha host ya mtu mmoja kila kitu kinamfuata. Ukija kuongeza seva ya tatu mwakani huvunji chochote.

Postfix isikubali domeni yenu kwenye A na B, kule nyuma Dovecot LMTP inatosha. Ukiacha Postfix ya A iamini kwamba domeni yote ni yake, mtu wa A akimwandikia wa B ataambiwa hayupo. Port 587, ile ya watu kutuma barua, iwe mbele pia, paswedi zihakikiwe mbele kwenye MySQL. Na wale wenye jibu la likizo la sieve (kanuni za barua ndani ya Dovecot), weka submission_host ielekee proksi, la sivyo majibu yao yatakwama huko nyuma.

mtu_wa_pwani
Sasa hiyo proksi ikifa si wamekufa wote pia?

mlangoni255
Ndio, kwaiyo weka mbili na keepalived, moja ikifa IP inahamia nyingine. Haina barua ndani hiyo mashine, ni nyepesi, kuijenga upya ni kazi ndogo. Ikifa seva yenye barua ndo kuna kilio.

Kisimani
Hapa nimeelewa wakuu, asanteni. Kuhamisha watu sasa, nilikuwa na mpango wa imapsync (programu ya kukopi barua toka seva hadi seva).

BintiPangani
Zote mbili ni Dovecot, tumia doveadm backup. Imapsync inakopi barua kama mpya, UID (namba za barua) zinabadilika, Outlook inashusha upya kila kitu na wale wa POP3 wanaoacha kopi kwenye seva wanapokea barua zao zote kwa mara ya pili. Doveadm inabakiza UID.

Ila angalia sana upande! Doveadm backup inafanya upande wa pili ufanane kabisa na wa kwanza, ukigeuza mwelekeo, seva mpya tupu inaifuta ya zamani. Jaribu na akaunti yako mwenyewe kwanza, na bakapu ya pembeni iwepo.

Mpangilio wangu ni huu: raundi ya kwanza mchana watu wakiendelea na kazi, inachukua muda lakini hawajui. Usiku unamfungia mtu kuingia, transport yake unaiweka retry:4.2.1 ili barua zinazokuja zisubiri kwenye foleni (Postfix inazitunza mpaka siku 5 kama hujabadilisha), unarudia backup inayomalizika haraka, unabadilisha host, unafungua. Kuingia ufunge kwa kolamu ya peke yake, usitumie ile active ambayo na Postfix inaisoma, maana hapo barua hazitasubiri, zitarudishwa. Na iwe usiku kweli, mchana Outlook itaanza kumuuliza mtu paswedi naye ataanza kujaribu zote alizowahi kuwa nazo.

Kama umewasha auth cache (kumbukumbu ya muda ya majibu ya kuingia) kwenye proksi iflashi, la sivyo inakumbuka host ya zamani.

Fundi_Waya
Wote mmesahau fail2ban, ile inayofungia IP inayokosea paswedi mara nyingi. Kuna ofisi moja walijenga hivi hivi vizuri, asubuhi watu wachache wakakosea paswedi, fail2ban ya seva ya nyuma ikaona IP ya proksi inakosea kosea ikaifungia. Nusu ya ofisi nje. Weka login_trusted_networks huko nyuma iwe na IP za proksi ili logi zionyeshe IP halisi ya mtu, na fail2ban yenyewe ihamie mbele.

Kisimani
Daah hiyo ingenipata mchana kweupe. Basi nianze na proksi mbele ya seva hii moja kwanza wote wakiwa A, ikitulia ndo nilete B, si ndio? Na DNS nibadilishe lini?

mlangoni255
Ndio, hivyo hivyo. DNS usiiguse. IP ya nje iliyopo leo ipe proksi, seva ya zamani ipe IP ya ndani. Rekodi zote zinabaki, SPF na PTR (rekodi ambazo wapokeaji wanakagua kuithibitisha seva yako) hazibadiliki, na sifa ya IP yako kwa kina Gmail unaendelea nayo. Cheti cha TLS kikopi kwenda proksi kabla hujahamisha, na certbot (inayochukua vyeti) ianze kurinyuu kutoka hapo.

Kisimani
Jumamosi usiku basi. Naanza na akaunti yangu na ya mtu_wa_stoo, yule hata ikipotea wiki hatajua.

BintiPangani
😂😂 kopi yake utunze tu